Ngeli ziko ngapi? Semeni kwanza mnahesabu nini

Mhariri,

Kwa wiki kadhaa wasomaji wako wamekuwa wakivutana kuhusu idadi ya ngeli za Kiswahili. Mmoja anasema 9, mwingine 15, wa tatu ameng'ang'ania 18. Barua zote hizo zina kasoro moja: hakuna hata moja iliyosema inahesabu nini. Kasoro hiyohiyo ndiyo inayowaangusha wanafunzi wa isimu wanapoambiwa "linganisha nadharia mbili", wakajaza kurasa nne kwa majina ya waasisi, miaka na mihimili, na wasiguse sentensi hata moja ya Kiswahili.

Tuimalize kwanza hesabu, maana ni nyepesi kuliko kelele zake. Mpango wa namba ulitokana na kazi ya Wilhelm Bleek, Mjerumani aliyekuwa Cape Town katika miaka ya 1860, na Carl Meinhof akaurekebisha baadaye. Walikuwa wanalinganisha lugha za Kibantu, kwa hiyo waliweka umoja mbali na wingi mbali: m- ya "mtu" ni ngeli ya 1, wa- ya "watu" ni ya 2, m- ya "mti" ni ya 3, mi- ya "miti" ni ya 4, na kuendelea mpaka ya 18, ambako hesabu za Kiswahili huishia. Kiswahili sanifu hakina ya 12 na ya 13, yaani ka- na tu- za udogo. Ya 14 nayo imemezwa na ya 11, kwa kuwa zote mbili siku hizi huanza kwa u-. Ukitoa hizo 3 kwenye 18 unabaki na 15.

Sasa ziunganishe umoja na wingi wake kama vitabu vya shule vinavyofanya. Ya 1 na ya 2 ni A-WA. Ya 3 na ya 4 ni U-I, ya 5 na ya 6 ni LI-YA, ya 7 na ya 8 ni KI-VI, ya 9 na ya 10 ni I-ZI. Ya 11 ikichukua wingi wa 10 (ukuta, kuta) ni U-ZI, na ikichukua wingi wa 6 (ugonjwa, magonjwa) ni U-YA. Ya 15 ni KU ya vitenzi-jina, na za 16, 17 na 18 zinaingia pamoja katika PA-MU-KU. Hesabu makundi hayo: ni 9. Kwa hiyo anayesema 9 na anayesema 15 wameshika kitu kimoja, mmoja amefunga mafungu na mwenzake ameyafungua. Anayesema 18 anahesabu nyumba za mtaa kuanzia ya 1 mpaka ya 18, hata zile ambazo Kiswahili sanifu hakijaweka wapangaji. Vitabu vinavyoongeza YA-YA kwa ajili ya "maji" na "mafuta", au I-I kwa ajili ya "sukari", havijagundua upatanisho mpya. Vimeona tu kwamba baadhi ya nomino hazina umoja, au hazina wingi, vikazijengea chumba chake.

Tena hata hiyo 15 ni ya Kiswahili sanifu tu. Nenda Lubumbashi, Kongo, usikie watu wakisema "katoto" na wingi wake "tutoto". Huko ngeli ya 12 na ya 13 ziko hai, zinatembea sokoni. Mtu akitaka idadi, basi aseme pia ni Kiswahili cha wapi.

Tofauti ya kweli ya kimkabala haimo katika idadi. Imo katika neno kama "kiboko".

Mkabala wa kimofolojia hupanga nomino kwa umbo lake: linaanza kwa ki-, wingi wake vi-, basi ni ya 7 na ya 8, pamoja na "kiti" na "kisu". Mkabala wa kisintaksia hupanga kwa upatanisho, yaani kwa alama ambayo nomino inaacha kwenye maneno mengine ya sentensi. Weka basi sentensi mbili mezani: "Kiboko ameingia shambani" na "Kiboko kimekatika." Ya kwanza ni mnyama wa mtoni, ya pili ni fimbo ya kuchapia. Umbo ni moja, kiambishi awali ni kimoja, na wingi ni "viboko" kotekote. Ukipanga kwa umbo, huna mahali pa kuonyesha tofauti hii. Ukipanga kwa upatanisho, unalazimika kusema kuna nomino mbili, moja ya A-WA na nyingine ya KI-VI. "Kifaru" ni vivyo hivyo: "kifaru amejeruhiwa" ni mnyama, "kifaru kimelipuliwa" ni gari la vita.

Hapo mshabiki wa sintaksia hupiga kifua kwamba ameshinda. Asubiri. Chukua "rafiki yangu mpya amefika". Kitenzi kina a-, kivumishi "mpya" kina m-, vyote vya A-WA, lakini kimilikishi ni "yangu", cha I-ZI. Wingi wake husemwa "rafiki zangu wapya wamefika", na hata aliyeongeza ma- husema "marafiki zangu". "Ndugu yangu" na "baba yangu" hufuata njia hiyohiyo. Sasa nomino hii ni ya ngeli gani, ukifuata upatanisho? Upatanisho upi? Neno moja linaacha alama mbili tofauti katika sentensi moja. Greville Corbett wa Uingereza alipendekeza mwaka 1979 kwamba lugha nyingi zina ngazi ya upatanisho, kuanzia maneno yaliyo ndani ya kirai cha nomino mpaka viwakilishi, na kadiri unavyokwenda mbali na nomino ndivyo maana inavyolishinda umbo. Maneno yetu ya udugu yanaonyesha mpasuko wa aina hiyo, ingawa kwetu ni kimilikishi peke yake kinachobaki na umbo huku kivumishi kilicho jirani yake kimeshahamia upande wa maana.

Na si kweli kwamba uhai hushinda daima. "Kijitoto kimelala." "Joka limetoka shimoni." Mtoto yu hai, nyoka yu hai, lakini ukimdogosha au ukimkuza, kiambishi cha udogo au ukubwa ndicho kinachotawala. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba viumbe hai wote ni A-WA atakosea hapa, na atakosea kwa kutii alichofundishwa.

Kwa hiyo, kwa maoni yetu, shuleni upatanisho unafaa zaidi, maana ndio unaomsaidia mtoto kutunga sentensi sahihi. Anayelinganisha Kiswahili na Kizaramo au Kikuyu atahitaji namba, kwani A-WA haitamwambia lolote kuhusu lugha ambayo viambishi vyake vya kitenzi si a- na wa-. Kosa ni kuchanganya: jedwali linaanza na KI-VI, katikati linaingiza "ngeli ya M-MI", ambayo ni ya umbo, kisha linarudi I-ZI. Tumeona majedwali ya namna hiyo katika vitabu vinavyouzwa madukani.

Jambo la pili tunalotaka kulitazama kwa karibu ni kiambishi cha yambwa, yaani kile kinachomtaja mtendwa ndani ya kitenzi, kwa sababu hapo ndipo nadharia za kisasa zinapoachana kwelikweli, na Kiswahili kinaweza kuziamulia.

"Nimemwona Asha." Ondoa -mw- useme "Nimeona Asha", na mwalimu atakuchorea mstari mwekundu. "Nimeona kitabu" haina tatizo lolote, na "Nimekiona kitabu" nayo ni sawa, ila sasa ni kitabu kile tunachokijua. Sarufi mapokeo, yaani ile ya jadi, inaishia kusema -m- na -ki- ni viambishi vya yambwa, basi. Sarufi zalishi ya Noam Chomsky, hasa kuanzia mwaka 1981, ilivutia watafiti kuchora kifundo cha upatanisho kwenye mti wa sentensi, yaani mchoro wa matawi unaoonyesha maneno yanavyojengana, na kukiweka kiambishi hapo, sawa na a- ya kiima.

Mwaka 1987 Joan Bresnan na Sam Mchombo, huyu akiwa ni mtaalamu wa Kichewa kutoka Malawi, waliuliza swali lililokuwa limerukwa: je, kiambishi hiki ni alama ya upatanisho, au ni kiwakilishi kamili kilichoingia ndani ya kitenzi? Walikuwa wakitumia Sarufi Leksia Amilifu, ambayo haihamishi maneno kutoka tawi hadi tawi. Huyapa maneno kazi zao, yaani kiima, yambwa, mada, moja kwa moja kutoka kwenye leksia, yaani msamiati ulio kichwani mwa mzungumzaji. Jibu lao kwa Kichewa lilikuwa kwamba ni kiwakilishi. Ushahidi wao ulikuwa mpangilio wa maneno. Sentensi ya nyuki kuwauma wawindaji, bila kiambishi cha yambwa, humtaka "wawindaji" akae mara tu baada ya kitenzi. Kiambishi kikiwekwa, kiima, kitenzi na yambwa hupangwa kwa namna zote 6. Maana yake nomino ya yambwa imetoka nje ya kirai kitenzi na imekuwa mada, huku kiambishi kikifanya kazi ya yambwa ndani.

Je, Kiswahili? Jaribio halihitaji maabara. Weka neno la kuuliza mahali pa yambwa. Neno la kuuliza haliwezi kuwa mada, kwa sababu mada ni kitu kinachojulikana na neno la kuuliza linatafuta kisichojulikana. Kama kiambishi ni kiwakilishi cha mada, hakitakubali kukaa nalo. "Umemwona nani?" Sawa kabisa, tena "Umeona nani?" ndiyo inayokwaruza masikio. Sasa "Umekisoma nini?" Haikubaliki. Husemwa "Umesoma nini?" Rudia kwa nomino isiyo mahususi: "Sijamwona mtu yeyote" inapita, lakini "Sijakisoma chochote" inasikika ngeni mbele ya "Sijasoma chochote".

Matokeo yake ni kwamba Kiswahili kimegawanyika katikati. Kwa watu, kiambishi kimeshakuwa alama ya upatanisho na hakijali kama yambwa inajulikana au la. Kwa vitu, bado kina tabia ya kiwakilishi. Mti wa Chomsky wenye kifundo kimoja cha upatanisho unatabiri kwamba -m- na -ki- zitakuwa na tabia moja, na hazina. Uchambuzi wa Kichewa ukihamishiwa kwetu bila kupimwa unatabiri kwamba "Umemwona nani?" ni kosa, na si kosa. Hapa ndipo mwanafunzi anapopata cha kuandika: si kwamba nadharia A ina mihimili mitano na B minne, bali kwamba sentensi hii hapa imezikwamisha zote mbili, kila moja mahali pake.

Waamilifu wa mkondo wa Michael Halliday, wanaochambua lugha kwa kazi inayofanya katika mawasiliano, wangesema haya yote ni suala la habari ya zamani na habari mpya. Kwa "kitabu" wana hoja nzuri, lakini kwa "nani" hawana jibu, kwa sababu mtu anayeulizwa hawezi kuwa habari ya zamani. Tatizo la mkabala huu, kama unavyotumika katika tasnifu zetu nyingi, ni kwamba neno "muktadha" limekuwa shimo la kutupia kila sentensi iliyoshindikana.

Mfano mwingine wa haraka, kwa walio na hamu ya kulinganisha lugha. "Mama amempikia mtoto uji." Ukiigeuza kauli ya kutendwa unapata "Mtoto amepikiwa uji". Lakini "Uji umepikiwa mtoto" wengi wetu hatuikubali. Kati ya yambwa mbili, tendewa (anayetendewa, hapa mtoto) peke yake ndiyo inayopanda kuwa kiima, na hiyohiyo ndiyo inayochukua kiambishi: "amempikia uji" ni sawa, "ameupikia mtoto" sivyo. Kichaga cha Vunjo, Kilimanjaro, hakiko hivyo. Bresnan na Lioba Moshi walionyesha mwaka 1990 kwamba huko yambwa zote mbili zina haki sawa: zote huweza kuwa kiima cha kutendwa, na zote huweza kuingia kwenye kitenzi kama viambishi, hata kwa pamoja. Kinyarwanda nacho ni cha kundi hilo. Mark Baker, mwaka 1988, alikuwa ameieleza kauli ya kutendea kwa kusema kwamba kihusishi kimehama na kujishikiza kwenye kitenzi. Ni wazo lililopangwa kwa ustadi, lakini ukilitazama peke yake linafaa lugha za aina ya Kiswahili kuliko za aina ya Kichaga, na kila mara inabidi liongezewe kifungu. Chuo kinachofundisha sintaksia Moshi au Kigali na kisitumie data hii kimeacha chakula jikoni kikaenda kununua mkate.

Tukija kwenye fonolojia, yaani elimu ya mfumo wa sauti za lugha, tunapendekeza -ku- ya "anakula". Hakuna mfano mzuri kuliko huu wa kuonyesha kanuni, mashartizuizi (masharti ambayo umbo la neno hujitahidi kutoyavunja) na historia zikifanya kazi moja kwa njia tatu.

Data ni hii. Vitenzi vya silabi moja, kama -la, -nywa, -ja na -fa, huchukua -ku- baada ya -na-, -li-, -ta- na -me-: anakula, alikunywa, atakuja, amekufa. Huiacha baada ya -ki-, -ka- na -ja- ya ukanushi: akila, akala, hajala. Huiacha pia panapokuwa na kiambishi cha yambwa: "simba anamla swala", "aliyanywa maji yote". Kitenzi -pa, ambacho hakitembei bila yambwa, hakina -ku- hii kabisa. Ukisikia "anakupa", hiyo -ku- ni wewe.

Kuna mtego mmoja unaowanasa hata watahiniwa hodari. -ku- ya "hakula" si hii. Pima kwa kitenzi cha kawaida: "hakupika" ina -ku-, ila "anapika" haina. Kwa hiyo -ku- ya "hakula" ni ya ukanushi wa wakati uliopita, na hatusemi "hakukula". Na katika "kumekucha" zipo -ku- mbili, ya kwanza ya kiima na ya pili ndiyo hii yetu.

Sarufi mapokeo inatoa orodha ya kukariri. Fonolojia zalishi, iliyopata umbo lake kamili mwaka 1968, ingeandika kanuni: chopeka -ku- kati ya viambishi hivi na mzizi wa silabi moja. Kanuni inafanya kazi, lakini haisemi kwa nini kiambishi cha yambwa kinaifuta. Nadharia ya Umbo Upeo ya Alan Prince na Paul Smolensky, ya mwaka 1993, haina kanuni. Ina mashartizuizi yaliyopangwa kwa uzito, na umbo linaloyavunja kwa hasara ndogo ndilo linalotamkwa. Tunahitaji matatu tu. La kwanza: shadda, yaani mkazo wa sauti, ikae kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. La pili: -na-, -li-, -ta- na -me- zisibebe shadda. La tatu, jepesi kuliko hayo: usiongeze kisichokuwepo. Sasa shindanisha. "Anala" yenye shadda kwenye -na- inavunja la pili. "Anala" yenye shadda mwishoni inavunja la kwanza. "Anakula" inavunja la tatu tu, basi inashinda. Kwa "akila", -ki- inaruhusiwa kubeba shadda, kwa hiyo "akikula" ingeongeza silabi bure. Kwa "anamla", m imeshabeba shadda na -ku- haina kazi tena. Matukio yote matatu yanatoka kwenye mpango mmoja, bila kanuni ya kuchopeka wala kanuni ya kufuta.

Ni maelezo mazuri. Ila muulize mtu wa Umbo Upeo kwa nini ni -na-, -li-, -ta-, -me- na si -ki- wala -ka-, naye atakuonyesha sharti la pili, yaani orodha ileile ya mapokeo aliyoivika koti. Jibu linatoka kwa watu wa isimu historia, ambao katika kozi nyingi wanapewa wiki moja. Viambishi hivyo zamani vilikuwa maneno yaliyofuatwa na kitenzi-jina. -ta- ni mabaki ya "-taka": "ataka kula" likawa "atakula". Shahidi bado yuko hai kwenye urejeshi, pale tunaposema "atakayekula", na -taka- nzima inajitokeza. -li- ni kitenzi cha kuwa, na -me- inatokana na kitenzi cha kumaliza. Kwa hiyo -ku- haikuchopekwa na mtu. Ilikuwepo tangu mwanzo, na vitenzi virefu ndivyo vilivyoidondosha, huku vifupi vikiibakiza kwa ajili ya shadda. "Anakwenda" na "anaenda" zinaonyesha kitenzi ambacho bado hakijaamua.

Angalia basi ulinganishi huu unavyotofautiana na ule wa mihimili. Kanuni inaeleza umbo, mashartizuizi yanaeleza kwa nini umbo linabadilika pamoja na kiambishi cha yambwa, na historia inaeleza orodha imetoka wapi. Hazigombani kwa sababu haziulizi swali moja. Mtahiniwa anayeandika kwamba Umbo Upeo "ni bora kuliko" isimu historia amefananisha kisu na mwiko.

Neno moja la pembeni kwa walimu wa fonolojia: acheni kufundisha Fonolojia Vipandesauti Huru kwa mifano ya Kiswahili. John Goldsmith aliianzisha mwaka 1976 hasa kwa ajili ya toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakoweza kubadili maana ya neno, na Kiswahili sanifu hakina toni. Mwanafunzi anachora mistari ya kuunganisha toni na irabu ambazo hazina toni, kisha anashangaa faida yake nini. Tumieni Kihaya, Kikuyu au Kisukuma. Darasani hamtakosa mzungumzaji wa mojawapo.

Tugeukie yale yanayoharibika mara kwa mara, kwani barua hii tumeiandika hasa kwa ajili ya watunga mitihani na wasimamizi wa tasnifu.

La kwanza ni majina. Nadharia moja ya Chomsky inaitwa Sarufi Geuzi, Sarufi Geuza Maumbo, Sarufi Zalishi na Sarufi Geuza Maumbo Zalishi, na mwanafunzi anaziorodhesha kama nadharia nne. Kibaya zaidi, matoleo yake yanachanganywa. Kanuni za kugeuza kauli za mwaka 1957 si sehemu ya Programu Finyizi ya mwaka 1995, lakini tunaona majibu yanayotumia zote mbili ndani ya aya moja. Ile kanuni ya kutendwa ya 1957 hata haikutufaa tangu mwanzo: ilitungwa kwa Kiingereza, ambako kauli hiyo huhitaji kitenzi kisaidizi cha pembeni. Kwetu ni -w- ndani ya kitenzi, "pika" na "pikwa". Mtu anayegeuza sentensi nzima ili apate herufi moja anang'oa mlango ili afungue dirisha.

La pili ni nyota. Katika isimu, sentensi isiyokubalika huwekewa nyota mbele, na nyota hiyo ina uzito kuliko sentensi kumi sahihi, kwa sababu ndiyo inayobomoa nadharia. Wengi wanaiweka kwa sikio lao peke yao. "Uji umepikiwa mtoto" tumeikataa hapo juu, lakini si ajabu ukimpata mzungumzaji anayeikubali. Kabla ya kuweka nyota, isome sentensi kwa watu wasiopungua watano, ichanganye na sentensi zisizohusika ili wasijue unatafuta nini, na andika kila mmoja alijifunzia Kiswahili wapi. Wakigawanyika, andika kwamba wamegawanyika.

La tatu ni sura ya pili ya tasnifu isiyojuana na sura ya nne. Nadharia inaelezwa kwa kurasa 20, kisha uchambuzi unafanywa kwa istilahi za mapokeo kana kwamba ile sura ya pili iliazimwa. Kipimo chake ni rahisi: futa jina la nadharia katika sura ya nne yote. Kama hakuna hitimisho linaloanguka, nadharia haikutumika.

La nne ni kusahau kwamba zipo sentensi ambazo mikabala mikubwa inazipita tu. "Kitanda hiki kinalala watu wawili." Kitanda hakilali. Ukihamisha maneno utapata "Watu wawili wanalala kwenye kitanda hiki", lakini maana imebadilika: ya kwanza inasema uwezo wa kitanda, ya pili inasema ni nani wako kitandani. Hakuna neno lolote ndani ya sentensi ya kwanza lenye maana ya uwezo. Wanasarufi wa mkondo wa Adele Goldberg, ambao tangu mwaka 1995 wanasema kiunzi chenyewe cha sentensi kinaweza kubeba maana, ndio wanaopata pa kuishika sentensi hii. "Gari hili linakaa watu watano" ni ya kiunzi hichohicho. Lakini "Duka hili linanunua watu wengi" haimaanishi kwamba wengi wananunua dukani humo. Ni vitenzi gani vinaingia kwenye kiunzi hiki na vipi vinakataa? Hiyo ni tasnifu nzima ya uzamili, na malighafi yake iko stendi ya daladala.

Kwa watunga mitihani tunapendekeza hivi. Badala ya "Linganisha na kulinganua nadharia mbili", toeni sentensi 8, tatu kati yake zikiwa na nyota, na muulize: kila nadharia inatabiri nini kuhusu kila sentensi, na inakosea wapi? Kwa alama 20, 8 ziende kwenye utabiri, 8 kwenye hoja, na 4 kwenye sentensi mbili mpya ambazo mtahiniwa amezitunga mwenyewe ili kuzijaribu nadharia hizo. Mwasisi na mwaka visipewe alama. Swali la namna hii halinakiliki kirahisi, na linasahihishwa haraka kuliko kurasa nne za mihimili.

Na kwako, Mhariri, tuna ombi. Kama mjadala wa ngeli utaendelea, chapisha sentensi hizi tano na uwaombe wasomaji waseme ipi wanaikubali, pamoja na mahali walipokulia: "Rafiki wangu amefika", "Uji umepikiwa mtoto", "Umeona nani?", "Kijana kile kimekuja", "Katoto kamelala". Majibu ya Lamu, Unguja, Tabora, Bukavu na Lubumbashi yakiwekwa kwenye jedwali moja, tutakuwa na kitu cha kubishania.

Walimu wa isimu,
Dar es Salaam